Sura ya Tisa: Kontroboksi la Lulindi

"Anza na betri," alisema Sajenti Winfrida Nantanga. "Ule waya wa hasi. Fanya kila kitu kama ulivyofanya siku ile, usiruke hata hatua moja."

Swalehe, fundi umeme wa magari wa Masasi mjini, akainama kwenye boneti, spana namba kumi mkononi. Ilikuwa saa tatu asubuhi, uani kwa Katekista Nikolao pale Lulindi, na jua lilikuwa limeshaanza kuchoma visogo. Pikapu nyeupe ilikaa katikati ya uwanja. Haikuwaka tangu Ijumaa, na kuku walikuwa wamekwisha kuifanya nyumba yao.

Tuseme ukweli, hakuna polisi mwingine Masasi ambaye angefunga safari kwenda kuangalia gari bovu la mtu. Katekista alipofika kituoni kulalamika kwamba fundi kamwekea kontroboksi, yaani ile kompyuta inayoiamrisha injini, na halikumaliza hata wiki tatu, kaunta nzima ilimcheka. Wakamwambia, baba, hapa polisi, si gereji, nenda kaliombee. Winfrida peke yake ndiye aliyeinua kichwa akauliza ni pikapu ya aina gani. Alipojibiwa, akafunga daftari, akachukua kofia yake.

Mezani kwake kulikuwa na jalada lenye umri wa miezi miwili. Ashraf wa Mnyambe, mkulima wa korosho, alipakia mifuko ya salfa pale Masasi siku ya Sabasaba, akaondoka mchana kweupe kupanda Newala kwa mkewe. Hakuonekana tena, yeye wala pikapu yake. Nayo ilikuwa nyeupe, injini ileile, mwaka uleule, na pikapu za injini ile kwa wilaya zote mbili, Masasi na Newala, hazifiki nne. Ndani ya jalada mlikuwa na maelezo ya shemeji yake, Abdulkadiri, aliyoyatoa kwa kiapo tarehe tisa Julai: kwamba gari limeonekana likivushwa kwenda Msumbiji, Ashraf mwenyewe kwenye usukani, pembeni yake mwanamke.

"Kakimbia mke, Winfrida," mkuu wake wa upelelezi alimwambia. "Kukimbia mke si jinai. Ijumaa nalifunga jalada hili."

Leo ilikuwa Jumatano.

Swalehe alichomoa waya wa betri akaulaza pembeni. "Hapa nilisubiri dakika tano, Afande. Umeme uishe kabisa. Ukichomoa boksi lina moto, unaliua."

"Basi tusubiri."

Wakasubiri. Katekista Nikolao, mzee mrefu mwenye shati lililopigwa pasi hata siku ya kazi, hakuiacha nafasi hiyo impite. "Mama, mimi nilimwambia gari nitalivuta mpaka gereji kwake. Akakataa katakata. Akasema atanifuata hapa nyumbani, maana gereji kuna vumbi na boksi halitaki vumbi."

Winfrida aliutazama uwanja. Mchanga wa Lulindi ulikuwa umemfika kwenye vifundo vya miguu. "Kumbe hapa hakuna vumbi," alisema.

Swalehe akakohoa.

"Gereji yenu mko mafundi wangapi?"

"Saba, Afande."

"Na kazi kubwa namna hii, ya kumpa fundi jina, ukaibeba mpaka kijijini wenzako sita wasiione. Una haya sana wewe. Haya, dakika tano zimekwisha."

Fundi alikifungua kisanduku cha mbele ya abiria, akakitoa chote. Nyuma yake kulikuwa na boksi la bati, pana kuliko kitabu cha nyimbo, limeshikwa kwa bolti mbili na plagi tatu. Alizichomoa plagi moja baada ya nyingine. Winfrida alivaa glavu, akalipokea boksi, akaliweka juu ya gunia safi alilolitandika Katekista, kisha akamwamuru Swalehe afungue skrubu nne za mfuniko.

Meno ya shaba kwenye plagi yalikuwa yameoza, meusi tii. Ndani, kwenye pembe zote za bati, kulikuwa na unga laini wa njano.

"Hii nini?"

"Kutu, Afande."

"Kutu ya njano?"

Katekista aliinama, akanusa, akajiinua haraka akipangusa pua. Mtu wa nchi hii haambiwi harufu ile. "Mama, hii ni salfa. Hii tunayopulizia mikorosho."

"Gari lako limewahi kubeba salfa, baba?"

"Hata siku moja. Ya kwangu inaletwa na pikipiki. Gari hili linabeba wagonjwa na majeneza, basi."

Winfrida akamgeukia fundi. "Boksi ulilitoa wapi?"

"Dar. Kwenye duka la spea. Lilikuja na basi."

"Huko dukani Dar wanapulizia mikorosho?"

Swalehe akaanza kuokota skrubu za mfuniko, moja moja. Winfrida hakumkimbiza. Alimwomba Katekista ufunguo wa gari, akaugeuzageuza mkononi. Kichwa chake cha plastiki kilikuwa kimepasuliwa kikagandishwa tena kwa gundi.

"Ulivunjika huu, baba?"

"Aliupasua yeye. Alisema kuna kidude ndani lazima kitoke, la sivyo gari litagoma."

Sajenti alipiga magoti kwenye mlango wa dereva, akapenyeza mkono chini ya usukani, akapapasa kuzunguka tundu la ufunguo. Vidole vilikuta uvimbe wa tepu nyeusi. Aliukata kwa wembe, akaufungua taratibu juu ya kiganja. Kilichokuwamo hakikufika hata punje ya hindi, cheusi, hakina maandishi.

"Hebu mweleze Katekista hiki ni nini," alisema. "Kwa Kiswahili cha kawaida. Amekulipa, ana haki ya kujua."

Swalehe alikinyooshea kidole. "Ni chipu ya ufunguo. Boksi na chipu vinajuana. Ukiweka boksi la gari jingine, ufunguo wako wa zamani haliutambui, injini inashtuka kidogo tu inazima. Kwa hiyo natoa chipu yako, naifunga hapa chipu iliyokuja na boksi. Boksi linadhani bado liko kwa mwenyewe."

"Kwa hiyo aliyekuletea boksi alikuletea na ufunguo wake."

"Ndiyo, Afande."

"Mwizi wa gari anavunja kioo, anaunga waya. Huyu, ufunguo aliupata wapi?"

"Mimi sikuuliza!"

"Ndiyo maana uko hapa unatoka jasho. Sema."

Akasema, tena kwa kasi ya mtu anayetua mzigo. Mwishoni mwa Julai alikuja mtu mzima mmoja kutoka pande za Newala, kanzu na kofia, mpole, anacheka kabla hajaongea. Alileta boksi na ufunguo ndani ya mfuko wa salfa. Alisema gari ni la shemeji yake, shemeji kahamia Msumbiji, kaacha agizo gari liuzwe vipandevipande. Jina hakulitaja. Alichosisitiza ni kwamba boksi lisiwekwe kwenye gari la mjini. Swalehe alikaa nalo mpaka Katekista alipoharibikiwa, akaona Mungu si Athumani.

"Alisema shemeji?"

"Shemeji, Afande. Naapa."

"Usiape. Walioapa katika jalada hili wananitosha. Mabaki ya ufunguo uliyatupa?"

Hakuyatupa. Fundi wa kweli hatupi chuma. Alichakura ndani ya kopo la skrubu, akatoa ufunguo uliokatwa kichwa, na kwenye kipande cha plastiki kilichobaki kulikuwa kumeshonewa kitambaa kidogo cha kanga, buluu yenye madoa meupe. Winfrida aliutia kwenye bahasha, akaandika saa na mahali, akamwomba Katekista atie sahihi kama shahidi.

Mzee alitia sahihi. "Mama, mimi nimewapeleka watu makaburini kwa gari hili, na ndani kumbe..." Hakumaliza. Aliingia ndani akafunga mlango.

Winfrida alimkabidhi Swalehe kwa mgambo wampeleke Masasi, kisha akakodi bodaboda. Gari la kituo lilikuwa juu ya mawe tangu Idi, na hakuna aliyeona aibu juu ya hilo. Kabla ya kupanda mlima alimpigia simu Koplo Abuu wa Newala.

"Mashemeji wa Ashraf ni wawili," Abuu alimwambia. "Yupo Abdulkadiri, kaka wa mkewe, mcha Mungu, ndiye aliyezunguka vijiji vyote kumtafuta. Halafu yupo Hamudi wa Makote, kamwoa dada yake Ashraf. Hao waligombana msibani mwaka jana mpaka wakashikana mashati. Mimi ningeanza na Hamudi."

"Anza naye basi. Nikifika Newala uwe na jibu."

Alipofika, Abuu alikuwa amesimama barabarani akijikuna kichwa. Hamudi wa Makote alianguka kutoka juu ya mkorosho wiki moja kabla ya Sabasaba. Alikaa wodini mwezi mzima, mguu umening'inizwa kwa kamba, na mpaka leo anatembelea magongo. Wauguzi wote walikuwa wanamjua, kwa vile alivyokuwa msumbufu.

"Basi tumebaki na mcha Mungu," Winfrida alisema. "Panda, twende Mnyambe."

Njiani aliyapanga mambo kichwani. Mtu aliyevuka mpaka akiendesha gari hawezi kuliacha boksi lake Masasi, maana bila boksi gari ni bati tu. Kwa hiyo Ashraf hakuvuka. Na ufunguo wa Ashraf hukaa mfukoni mwa Ashraf. Aliyeuuza aliutoa mfukoni mwake, na mtu mzima wa afya yake hachomolewi ufunguo mfukoni akanyamaza. Ilikuwa inamngojea kazi ambayo hakuna polisi anayeizoea, kumwonyesha mwanamke kitu cha mumewe ndani ya bahasha.

Mwanasha, mke wa Ashraf, walimkuta anafagia uwanja. Mikeka miwili mipya ilikuwa imetandikwa barazani, na birika kubwa liko motoni. Watoto walikuwa hawajarudi kutoka shule.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba, Mama Awadhi. Una wageni?"

"Kaka anakuja na wazee wa ukoo alasiri hii." Aliendelea kufagia pahali palipokwisha kufagiliwa. "Wanasema miezi miwili yatosha. Leo wanakaa kikao niandikwe kuwa nimeachwa, na Ashraf asitajwe tena kwenye mikorosho. Halafu kaka ndiye ataisimamia."

Kwa asiyezijua desturi za huku, mwanamume akioa huhamia kwao mwanamke, na shamba ni la upande wa mama. Neno la mwisho juu ya dada na watoto wake ni la mjomba. Mjomba akisema kaa, unakaa. Ni desturi nzuri mjomba akiwa mtu.

"Wewe unasemaje?"

"Nani ananiuliza mimi?" Aliutupa ufagio. "Ashraf hawezi kuniacha, dada yangu. Alitoka hapa kafunga kamba ya mbuzi, akaniambia nisimchinje mpaka arudi. Mtu anayekimbia anapanga nyama? Lakini kila nikisema hivyo wanacheka, wanasema kila aliyeachwa husema hivyo. Watoto wanaitwa wa mtoro huko shuleni. Yote ni hii mikorosho ya mama. Kaka alitaka kuiuza, Ashraf akakataa, akasema watoto watakula nini. Basi wakanuniana. Lakini alipopotea kaka aliyasahau yote, akamtafuta kama ndugu yake wa damu."

"Kaa chini, Mama Awadhi. Nina kitu nataka ukione."

Akakaa. Winfrida alifungua bahasha, akauweka ufunguo juu ya mkeka. Alikuwa amejiandaa kwa kilio. Badala yake mwanamke aliruka, uso mzima ukafunguka.

"Mmeupata! Gari liko wapi?"

"Ndio ufunguo wa Ashraf huu?"

"Hapana. Wa Ashraf una mnyororo, na hauachi. Huu ni wa akiba, wa hapa nyumbani. Ulikuwa unapotea kwenye sanduku la nguo, ndiyo nikaushonea kitambaa cha kanga yangu. Tazama, uzi wangu huu."

Winfrida aliugeuza ufunguo palepale mkekani. Hesabu yote aliyoipanga njiani ilikuwa imesimama juu ya ufunguo mwingine. Alitoa daftari polepole.

"Huu wa akiba ulimpa nani?"

"Kaka."

"Lini?"

"Siku ya kliniki ya mtoto. Wiki ileile ya Sabasaba, Alhamisi." Alikwenda ndani, akarudi na kadi ya kliniki. Tarehe kumi Julai, kwa wino wa muuguzi. "Nilikuwa ndiyo narudi na mtoto mgongoni, nikamkuta ananingoja. Alisema anauchukua, akilikuta gari mahali popote alirudishe nyumbani. Nikamshukuru. Nikamchemshia chai."

Winfrida alitoa nakala ya maelezo ya kiapo, akaiweka kando ya kadi. "Unajua kusoma. Soma tarehe."

Mwanasha akasoma. Kidole chake kikasimama juu ya tarehe.

"Jumatano, tarehe tisa," Winfrida alimsaidia, "kaka yako aliapa mbele yetu kwamba gari liko Msumbiji. Alhamisi, tarehe kumi, akaja kwako kuomba ufunguo."

"Labda alitaka kulifuata hukohuko."

"Halikwenda huko. Boksi la injini yake nimelishika asubuhi hii, Lulindi. Boksi na ufunguo huu vililetwa pamoja Masasi kabla ya Julai kuisha, na aliyevileta alisema ni mali ya shemeji yake."

"Labda aliliokota porini..."

"Mama Awadhi. Asingeliokota akakuficha. Anayehitaji ufunguo ni yule ambaye gari analo, na ufunguo wa mwenyewe hana."

Hapo ndipo ilipomwingia. Hakupiga kelele. Alijitazama viganja, akaanza kuvipangusa kwenye kanga, akavipangusa tena na tena kwa nguvu. "Nilimpa mimi," alisema. "Mikono hii. Na yeye ndiye aliyenizuia kwenda polisi, akasema ameshakwenda yeye, mwanamke anayemsaka mume kituoni anajiaibisha na ukoo wake. Nikamtii. Miezi miwili namtii! Nampikia, anakula hapa, ananiambia nimsahau Ashraf, naye anajua. Ewe Mola wangu, anajua!"

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, wala hawakukosea hata neno. Abuu, aliyesimama nguzoni, aligeuza uso akatazama barabara.

"Wanakuja," alisema.

Wazee watatu walikuwa wanakuja kwa mwendo wa heshima, na mbele yao Abdulkadiri, kanzu nyeupe, kofia ya mkono. Winfrida alichukua ushahidi wake akaurudisha ndani ya bahasha. Alitaka kumkamata barazani, kwa utaratibu, haki zake asomewe. Alimwambia Mwanasha aingie ndani. Mwanasha aliingia kweli, lakini akatoka na beseni na jagi la maji.

"Hodi hapa!" Abdulkadiri alicheka kabla hajaongea. "Ah, Afande! Umefika wakati mwema. Mmepata habari zozote za yule bwana?"

"Tumepata," Winfrida alisema.

"Tutazungumza, tutazungumza. Kwanza wazee wakae."

Wazee wakaketi. Dada mtu alikwenda kwa kaka yake kwanza, kama inavyompasa, akapiga goti, akaweka beseni. Abdulkadiri alinyoosha mikono. Maji yakaanza kumwagika.

"Kaka," Mwanasha alisema, "umemzika wapi?"

Mikono ya Abdulkadiri ilibaki palepale, juu ya beseni. Hakuuliza nani. Aliwatazama wazee, akamtazama Winfrida, akaiona bahasha. Akajaribu kile kicheko chake. Maji yaliendelea kumwagika mpaka jagi likawa tupu.

"Hakuzikwa," akasema kwa sauti ndogo. "Mto ulikuwa karibu, na ufunguo wake ukaenda naye. Mwanasha, sikiliza, tulianza kwa maneno tu..."

Mzee mmoja akatamka, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," mwingine akavua kofia. Winfrida aliyatamka maneno ya sheria moja baada ya jingine, bila kuruka, na Koplo Abuu akafunga pingu kwenye mikono ile ikiwa bado imelowa. Abdulkadiri alimtazama dada yake kama anayengojea amtetee. Hakuna aliyemtetea.

Walipofika naye barabarani, Winfrida aligeuka. Wazee walikuwa wanaokota fimbo zao waondoke, na Mwanasha alikuwa amesimama mbele yao, kawazibia ngazi ya baraza.

"Mnakwenda wapi?" aliwauliza. "Mlikuja kuniandika nimeachwa. Kaeni. Andikeni nimefiwa."